Nilimpa mama rufaa usiku, akajifungua dakika ishirini baada ya kufika. Nilikosea?

BintiMkunga

Habari zenu wakunga na wauguzi. Nimekuwa nikisoma hapa tangu mwaka wa kwanza wa masomo ila sijawahi kuandika. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani siku tisa sasa na hapa kituoni sina wa kumwambia.

Nilimaliza stashahada ya ukunga mwaka jana, nikasajiliwa na Baraza, leseni nikapata. Hii ni wiki yangu ya saba kazini, kituo cha afya cha daraja la tatu ndani ya kambi ya wakimbizi huku magharibi mwa Uganda. Kituo sitakitaja. Kina mama wetu wengi wametoka Kivu, Kongo. Mimi ni mtoto wa askari, nimekulia kambi ya jeshi ambako Kiswahili ndiyo lugha ya uani na ya dukani, na nadhani Kiswahili ndicho kilichonipa kazi hii.

Kitabu changu cha mafunzo kina kina mama 43 niliowazalisha. Kila ukurasa una sahihi mbili, yangu na ya msimamizi. Hata siku ambazo nilifanya kila kitu kwa mikono yangu, palikuwa na mtu nyuma ya bega langu. Akikohoa tu, najua kuna nilichosahau. Sasa usiku tuko watatu: mimi, mama wa usafi na mlinzi getini. Na patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, ina sahihi moja.

Usiku wenyewe ulikuwa hivi. Mama alifika saa tatu na nusu kwa bodaboda pamoja na mama mkwe wake. Mimba ya nne, watatu wa kwanza wote alizaa bila shida, wawili huko Masisi na mmoja hapahapa. Saa nne nikampima: njia imefunguka sentimita 6, chupa haijapasuka, mapigo ya mtoto 138. Nikafungua patografu, nikaweka alama yangu juu ya mstari wa tahadhari, ule unaoonyesha njia inatakiwa ifunguke kwa kasi gani. Kila nusu saa nilipiga magoti kando ya kitanda, fetoskopu sikioni: 136, 140, 138, 142. Uchungu mara tatu kila dakika kumi. Saa sita chupa ikapasuka yenyewe, maji safi kabisa.

Saa nane nikampima tena. Sentimita 7. Nilibaki na vidole palepale nikipima upya, nikidhani nimekosea, mpaka mama akaniuliza, "Munganga, kuna nini?" Mzao wa nne, saa nne nzima, sentimita moja.

Nikampigia mkuu wa kituo, simu haipatikani. Nikampigia mkunga wa mchana, ikaita mpaka ikakata. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, patografu magotini, dakika arobaini. Katika hizo dakika arobaini sikuamua kitu. Nilisikiliza mapigo ya mtoto na kuutazama ule mstari. Halafu nikaita gari la wagonjwa.

Gari lilifika saa tisa na nusu. Kwa bahati wodi haikuwa na mzazi mwingine, nikapanda naye. Kilomita 31 za vumbi mpaka kituo cha daraja la nne chenye chumba cha upasuaji. Nilimkabidhi, pazia likavutwa, mimi nikabaki koridoni najaza daftari. Haikupita dakika ishirini nikasikia mtoto analia. Wa kiume, kilo 3.6, mzima.

Mkunga aliyetupokea akatoka akivua glavu, akasema mbele ya mama mkwe na dereva: "Umetuletea mama wa kusukuma tu. Nyinyi wa siku hizi mmesomea wapi?" Wenzake wakacheka. Kurudi, njia nzima dereva hakusema neno. Kufikia Jumamosi kambini palikuwa na maneno kwamba yule wa usiku hajui kazi.

Ningeweza kuyameza hayo. Kilichonifanya niandike ni Jumanne iliyofuata. Alikuja binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, wiki 37, presha 150 kwa 100, protini kwenye mkojo misalaba miwili, kichwa kinamuuma. Najua maana yake, kifafa cha mimba kinanyemelea, nimeijibu kwenye mtihani. Lakini nilingoja saa nzima nikirudia kupima presha, nikitumaini itashuka, kwa sababu masikioni nilikuwa bado nasikia kile kicheko. Mkuu wa kituo alipoingia asubuhi aliona faili tu, akaanza magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, palepale na binti akaondoka na gari. Yuko salama, yeye na mtoto. Lakini ile saa moja ni yangu.

Nauliza nyinyi wenye miaka kazini: rufaa ya kwanza nilikosea? Na mlifanyaje mpaka mkaanza kuamini vidole vyenu wenyewe?

KakaMkunga_Arua

Dada, pole, na karibu. Mimi ni mkunga mwanaume, mwaka wa nne kazini, huku West Nile.

Nikujibu la kwanza kwa patografu yako mwenyewe. Saa nne ulikuwa na 6 juu ya mstari wa tahadhari. Mstari unakwenda sentimita moja kwa saa, kwa hiyo saa nane alitakiwa awe 10. Alikuwa 7. Hiyo ni saa tatu kulia kwa mstari wa tahadhari, imebaki saa moja agonge mstari wa pili, ule wa hatua. Na sisi wa daraja la tatu tulifundishwa hivi: akivuka mstari wa tahadhari, anza safari, usingoje ule wa pili, kwa sababu saa nne zilizo kati ya mistari miwili ndizo za barabarani. Wewe una kilomita 31 za vumbi. Kwa karatasi uliyokuwa nayo, hapakuwa na kosa.

Sasa kama kituo chenu kimeanza kutumia mwongozo mpya wa uchungu wa WHO, ule wa 2020, hesabu inabadilika. Huo hauna mstari wa mshazari. Mama anahesabiwa yuko kwenye uchungu wenyewe kuanzia sentimita 5, na kila sentimita ina muda wake: akikaa kwenye 5 saa sita, kwenye 6 saa tano, kwenye 7 saa tatu, ndipo karatasi inakupigia kengele. Waliondoa sheria ya sentimita moja kwa saa kwa sababu wanawake wengi wanakwenda polepole kuliko hapo na wanajifungua salama. Kwa mwongozo huo mama wako alikuwa bado hajavuka kitu. Nakwambia ili ujue kwamba inawezekana wewe na yule mkunga wa pale mlikuwa mnasoma karatasi mbili tofauti, kila mmoja na haki yake. Muulize mkuu wako wilaya yenu inatumia ipi, na mtumie moja, wote.

Lakini usiku unaonitisha mimi ni wa Jumanne. Presha 150 kwa 100, protini misalaba miwili, na kichwa kinauma. Kichwa kikishaingia kwenye habari hiyo, presha haipimwi tena kwa matumaini. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu unaijua: gramu 4 kwenye mshipa polepole, na gramu 5 kila tako. Hiyo unampa wewe, hapo ulipo, kabla gari halijafika. Hailazimu umngoje mtu. Degedege likimkuta kwenye gari bila dawa mwilini, hakuna wa kukusaidia katikati ya njia.

Andika dozi hizo kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango wa kabati la dawa. Mimi ninayo mpaka leo.

SistaWaZamani

Mwanangu, nimesoma mara mbili. Kabla sijasema lolote nikuulize kitu kimoja, na usikione kama lawama. Ile patografu ya usiku wa kwanza, nakala yake mnayo kwenye faili. Nenda chini kabisa ya ukurasa, chini ya presha na joto, kwenye kisanduku cha mkojo. Pameandikwa nini?

BintiMkunga

Shikamoo Sista. Nimetoka kuangalia sasa hivi.

Hapajaandikwa kitu. Kuanzia saa nne mpaka gari linakuja, mstari wa mkojo ni mtupu.

Sikumwambia aende msalani hata mara moja. Nilipima mapigo ya mtoto kila nusu saa bila kukosa, na nikamnywesha chai ya maziwa vikombe viwili na maji, kwa sababu tulifundishwa asiishiwe nguvu. Kwenye daftari la rufaa niliandika "uchungu unaochelewa" basi.

SistaWaZamani

Marahaba mwanangu. Asante kwa kusema ukweli, wengi wangejaza kile kisanduku kabla ya kunijibu.

Kibofu kikijaa kinakaa mbele ya kichwa cha mtoto kama mto. Uchungu unapiga, kichwa hakishuki, njia haifunguki. Wewe unaona mstari unalala, unafikiri ni nyonga, au mtoto kakaa vibaya, au nguvu zimekwisha. Sijui kama ndicho kilichotokea kwa mama yako, mimi sikuwepo. Ila mzao wa nne, maji safi, mapigo mazuri, amekunywa vikombe viwili vya chai na hajakojoa saa tano au sita, halafu anafika kwa wenzako na dakika ishirini mtoto huyu hapa. Ningekuwa mimi ndiye niliyempokea, jambo la kwanza ningeweka mkono juu ya mfupa wa kinena. Kibofu kilichojaa kinaonekana kwa macho, tumbo linakuwa na vilima viwili, kimoja cha mtoto na kimoja kidogo chini yake. Ukikigusa mama anashtuka.

Kwa hiyo kila saa mbili mwambie akojoe. Asipoweza kutembea, mpe beseni. Asipoweza kabisa na kilima unakiona, weka katheta, ule mpira wa mkojo, mkojo utoke, uichomoe. Halafu mpime tena baada ya muda kabla hujakata shauri, kama mama na mtoto wote wako sawa. Kama hawako sawa, weka katheta huku gari linakuja.

Na hata hivyo, hukukosea kumpeleka. Nataka hilo ulishike kabla sijakuambia la kwangu.

Nilianza kazi mwaka 1994 kwenye zahanati moja ya kijijini. Mwezi wangu wa tatu nilipeleka hospitali wazazi wawili katika wiki moja, wote wakajifungua wenyewe. Daktari aliyekuwa zamu alinisimamisha kwenye wodi, mbele ya wagonjwa, akasema mkunga asiyejua kungoja si mkunga. Nilikuwa na miaka 23. Niliyachukua yale maneno nikayafanya sheria.

Baada ya hapo akaja binti, mimba ya kwanza, mfupi, labda miaka 17. Alifika jioni. Usiku wa manane njia ilikuwa 8, alfajiri ilikuwa 8. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeanza kuvimba, nilikisikia chini ya vidole, laini kama andazi, na mkojo uliotoka kidogo ulikuwa na damu. Nilijua. Vidole vyangu vilijua kabla ya kichwa changu kukubali. Nikangoja, kwa sababu mkunga ni yule anayejua kungoja. Saa tatu asubuhi baba yake akapata pikapu ya mfanyabiashara wa samaki. Mtoto alitolewa hospitali amekwishakufa. Siku ya tano mkojo ukaanza kumvuja yule binti bila kuzuilika. Kichwa kilikuwa kimekaa kimekibana kibofu kwenye mfupa muda mrefu mno, nyama ikafa, pakabaki tundu. Fistula. Alikaa miaka mitatu akiishi kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya mama yake mpaka madaktari walipokuja kufanya kambi ya upasuaji, nikaenda kumchukua mwenyewe. Walimshona, akapona. Mtoto hakupata tena.

Katika kazi yangu yote nimepeleka kina mama wengi ambao walijifungua wenyewe walipofika. Majina yao siyakumbuki. La huyu mmoja ninalo.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta kina mama 336 wanakufa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai hapa Uganda. Ule wa 2022 ulikuta 189. Mimi niliyeanza zamani nakwambia sehemu ya hiyo tofauti ni magari yaliyoondoka usiku, na baadhi yake yalibeba mama wa kusukuma tu.

Mama_Furaha

Mimi si mkunga, ni mama tu. Niko Nakivale tangu 2012, natoka Rutshuru. Nimesoma nikaona niseme.

Mtoto wangu wa tatu nilipelekwa vilevile, usiku, na nikazala bila kupasuliwa. Munganga wetu aliingia garini pamoja na mimi akanishika mkono njia yote. Hakuna siku nimekaa nikahesabu kama ile safari ilikuwa ya lazima. Ninachokumbuka ni ule mkono.

Ila nikwambie kitu dada yangu. Maneno ya kambini yalianza kwa mama mkwe, siyo? Yeye aliona gari limekuja, mkwe wake amebebwa, hakuna aliyemwambia kwa nini. Akafika kule akasikia wanacheka, akachukua yale ndiyo maelezo. Siku nyingine mvute pembeni dakika moja kabla gari halijaondoka, umwambie: mtoto anachelewa kushuka, hapa hatuna chumba cha upasuaji, nataka awe karibu nacho ikihitajika. Mama mkwe akishasikia kwako, wao hawatapata nafasi ya kumwambia kingine. Sisi watu wa Kongo mama mkwe ndiye redio.

Aksanti kwa kazi yenu.

ZamuYaUsiku

Nimesita kuandika kwa sababu mimi niko upande wa pili. Nafanya kazi kituo cha daraja la nne, si hicho chako, ni mkoa mwingine. Lakini maneno kama yale nimewahi kuyasema mimi, kwa mdomo wangu, kwa mkunga mdogo kama wewe. Nilipokusoma nimemkumbuka sura.

Simtetei yule dada. Kumdhalilisha mwenzako mbele ya mgonjwa ni vibaya na hata sisi tunapaswa kuambiwa. Nataka tu ujue usiku wetu ulivyo, labda itakusaidia ukiwa unaandika barua. Vituo saba vinatuletea. Chumba cha upasuaji ni kimoja, mtu wa dawa za usingizi ni mmoja, na damu kwenye friji usiku mwingine ni chupa mbili. Gari linaingia bila simu. Barua inasema "uchungu unaochelewa", sahihi, kwisha. Sijui chupa ilipasuka saa ngapi, sijui mapigo ya mwisho ya mtoto, sijui umempa dawa gani na lini, sijui hali yake ya VVU, na namba yako ya simu haipo nikuulize. Hapo naanza kumpima mama upya kama vile ametoka nyumbani, na hasira inaanzia hapo. Unayeipokea ile hasira ni wewe, ingawa si yako peke yako.

Barua ninayoipenda kuliko zote ililetwa na mkunga mmoja wa kijiji cha mbali. Aliichana patografu yenyewe kwenye faili, akabandika nyuma yake karatasi ya mistari sita, na alikuwa amenipigia simu saa nzima kabla. Gari lilipoingia tulikuwa tumeshafungua chumba. Nilijua mama ana presha ngapi, amepewa nini, saa ngapi. Yule mama tulimfanyia upasuaji mara moja, mtoto akalia. Sikumuona yule mkunga uso kwa uso mpaka leo, lakini namba yake ninayo na akipiga napokea hata nikiwa mapumzikoni.

Pata namba ya simu ya wodi ya wazazi unakopeleka. Usiombe ya mtu, omba ya wodi. Piga kabla gari halijatoka. Mtu aliyekwisha kukusikia kwenye simu anaona ugumu kukucheka koridoni.

Na Sista wa Zamani, shikamoo. Nimelia.

KakaMkunga_Arua

Naongeza moja kwa ZamuYaUsiku. Mkoa wetu tuliomba mara moja kwa mwezi mkunga mmoja wa daraja la tatu akakae zamu moja kule juu, na mmoja wao aje kwetu. Aliyekuja kwetu alikuta dripu inaning'inia kwenye msumari na tochi ya simu ndiyo taa. Tangu siku hiyo hakuna anayetupigia kelele. Mkuu wako anaweza kuliomba hilo kwa wilaya, halihitaji bajeti, mafuta ya gari tu ambalo linakwenda huko hata hivyo.

BintiMkunga

Nimerudi, na nawashukuru wote kwa kweli. Nimesubiri kidogo kuandika kwa sababu jana ilitokea hivi.

Wiki iliyopita yule mama wa rufaa hakuja siku ya sita kama tunavyowaambia, nikadhani ndiyo yale maneno. Kumbe mtoto mkubwa alikuwa na malaria. Jana akaja, mtoto mgongoni, mama mkwe nyuma yake. Nilikuwa nimebadilishwa zamu, niko mchana. Ningeweza kumwachia mwenzangu, nikaona hapana.

Nikampima mtoto, kitovu kimekauka na kudondoka, uzito umepanda. Nikamuuliza mama, kule walikufanyia nini walipovuta pazia? Akasema: "Walinitoa mukojo na mupira. Mwingi! Ule dada alisema hii ni ndoo. Kisha nikasikia mutoto anashuka palepale, sikungoja wanambie sukuma."

Sista, nilikaa kimya kama dakika nzima. Halafu nikamwambia. Nilimwambia kwamba ule usiku mimi nilipaswa kumkumbusha akojoe na sikufanya, na kwamba huenda angezaa hapahapa. Nilitarajia atakasirika. Mama mkwe ndiye aliyejibu. Akasema, "Kwa hiyo haukuwa hujui. Ulisahau." Akauliza kama binti yake mdogo, ambaye ana mimba, anaweza kuanza kliniki kwangu au mpaka afuate siku maalumu. Nikamwambia aje Alhamisi.

Mama Furaha, nilimweleza pia kwa nini tuliita gari, ingawa nimechelewa wiki mbili. Alisikiliza mpaka mwisho.

Mkuu wa kituo nimemwonyesha patografu yenye mstari mtupu kabla hajaiona mwenyewe. Nilikuwa naogopa. Alichukua kalamu nyekundu akazungushia kisanduku, akaniambia nitalisema mwenyewe kwenye kikao cha wafanyakazi cha Ijumaa, na la simu yake kuzimwa atalisema yeye. Kuhusu mwongozo, alisema wilaya imeshafundisha ule mpya lakini karatasi zilizochapwa bado ni za zamani, hivyo tunaendelea na mistari mpaka zije, wote, kama KakaMkunga alivyosema.

Namba ya wodi ya kule juu nimeipata kwa dereva. Nilipiga mchana, nikajitambulisha, nikasema ninatoka kituo gani. Aliyepokea ni yuleyule. Sauti niliitambua. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Yule mama wa kibofu anaendeleaje?" Nikamwambia mtoto amefika kilo 3.9. Akasema sawa, piga wakati wowote. Hakuomba radhi na mimi sikumwomba.

Swali dogo kwa ZamuYaUsiku: ile karatasi ya mistari sita, mstari wa kwanza aliandika nini, saa ya chupa kupasuka au mapigo ya mtoto? Narudi usiku kuanzia leo saa mbili. Dozi za magnesiamu nimebandika ndani ya kabati, beseni liko chini ya kitanda cha kwanza, na kwenye trei nimeweka katheta tatu. Nataka niwe na nakala za hiyo karatasi kabla sijaingia.

ZamuYaUsiku

Mapigo ya mtoto, na saa uliyoyasikia. Chupa mstari wa pili. Kila la heri leo usiku, na namba yako weka chini kwa tarakimu kubwa.